Swali Aliloulizwa Kezia

Watu wa Kehancha wakitaka kumsifu mtu kwa uaminifu humtaja Kezia, na wakimtaja huwa wanazungumzia maziwa yake. Mimi na mume wangu Mohamednur tuna hoteli ndogo karibu na stendi, na hoteli ya Wasomali isiyo na chai nzuri ya maziwa ni afadhali ifungwe. Tulipohamia hapa kutoka Mombasa tulihangaishwa na wauza maziwa mpaka nikawachukia wote kwa jumla. Huyu ametia maji, huyu ametia unga ili maji yasionekane, huyu analeta ya jana huku anaapa kwa mama yake kwamba ni ya asubuhi. Kisha akaja Kezia, mjane wa Werema, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito. Akaweka ndoo yake mezani bila hata kusalimu vizuri.

"Mama, chemsha hii hapa mbele yangu," akasema. "Ikikatika, mwaga, na mimi sirudi tena."

Nikachemsha. Yalipanda, yakafura, yakatulia na utando wake juu, mazito na matamu. Tangu siku ile sikununua maziwa ya mtu mwingine mpaka mwaka huu.

Mwaka huu nimenunua ya wengine kwa sababu Kezia hawezi tena kukamua. Ana saratani ya titi, nayo imeshapita pale ambapo daktari angeweza kuikata akaimaliza. Ninaandika habari zake angali hai, na ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo msomaji anisamehe nikipaza sauti mahali fulani. Hasira yenyewe haina wa kumwangukia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hakuna mtu aliyemfanyia Kezia ubaya. Aliulizwa swali zuri, na mtu mzuri, mahali panapofaa, wakati uvimbe ulikuwa bado mdogo kama punje ya mahindi. Akajibu, na jibu lake lilikuwa la kweli.

Nitaeleza, lakini kwanza mjue ni mtu wa namna gani.

Kezia aliolewa na Werema akiwa msichana mdogo, na miaka mingi ya ndoa yake ilikwenda kwenye tumbaku. Alipanda, akapalilia, akavuna, akakaa kwenye mabanda ya kukaushia majani mpaka moshi ukawa harufu ya nguo zake zote. Werema alipofariki, shemeji zake walikuja kumwambia kwamba ng'ombe ni wa ukoo. Kezia aliwasikiliza, akawapikia, akawapa uji, halafu akawaambia ng'ombe hawatoki. Sijui aliwaambiaje, maana Kikuria changu ni cha kuombea njia, lakini ng'ombe hawakutoka. Akaachana na tumbaku, akaanza kuuza maziwa. Mwanawe wa kwanza, Stanley, alisomeshwa na ndoo hiyo hiyo.

Kiswahili chake alikiokota sokoni akiwa mtu mzima. Shuleni alipita tu, na nyumbani walizungumza Kikuria. Kwa hiyo Kiswahili cha Kezia kilikuwa cha biashara: bei, chenji, lita, safi, imeharibika, kesho, sitaki maneno. Ndani ya biashara hakuna aliyemweza. Ukimtoa nje yake kidogo alikuwa anakwama, na akikwama alitabasamu na kukubali chochote ulichosema. Mimi niliyezaliwa Majengo, Mombasa, nilikuwa nikimtania.

"Mama Stanley, haisemwi maziwa iko hapa. Husemwa maziwa yapo hapa."

"Mama Aliya, wewe kunywa. Mimi sikuja kufanya mtihani."

Tulicheka hivyo asubuhi nyingi. Aliketi kwa jiko, nikampa chai ya maziwa yake mwenyewe, naye akainywa kama anayeikagua. Alipenda tangawizi. Alikuwa na mashavu yanayoingia ndani akipuliza chai, na kwa sababu hiyo binti yangu Aliya alikuwa akimwiga, na Kezia alimpiga kofi la uongo kwa mkono uliokauka kwa kukamua.

Sasa kulikuja msimu mbaya. Watu walikula harusini wakaumwa matumbo, ikasemwa ni maziwa. Maofisa wa afya wakaingia sokoni na vyombo vyao vya kupimia, wakawa wanafungua ndoo za kina mama mmoja baada ya mwingine. Maziwa yaliyotiwa maji yalimwagwa mtaroni palepale. Yaliyoonekana na mabonge yalimwagwa vilevile, na mwenyewe akatajwa jina kwa sauti. Kezia walimpima wakampitisha. Lakini alirudi kwangu siku hiyo hataki hata chai, kwa sababu aliona mwanamke mwenzake amekaa chini kando ya mtaro akilia huku mbwa wanalamba biashara yake. Kwa mtu kama Kezia, kuambiwa mbele ya watu kwamba maziwa yako yana bonge ilikuwa ni kuvuliwa nguo.

Katika siku hizo hizo alikwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha.

Mimi sikuwapo. Ninayoyasimulia hapa nimeyapata kwake na kwa Edith, kila mmoja kwa wakati wake, na yamelingana neno kwa neno, jambo ambalo limenitia uchungu kuliko kama yangepingana.

Edith ndiye muuguzi wa zahanati yetu. Ni Mjaluo wa Karungu, huko ziwani, binti wa mvuvi, na serikali ilimleta kwetu ambako hajui hata neno moja la lugha ya akina mama anaowatibu. Msimtafutie kosa la uvivu, hamtalipata. Nimemwona akifungua mlango watu hawajaamka, na nimemwona akila chakula chake cha mchana amesimama. Alikuwa ametoka kufunzwa kwamba kila mwanamke aliyefika umri anayeingia zahanati, hata kama amekuja na kidole kilichokatwa, aulizwe habari ya matiti na apapaswe kwa mkono. Hilo ndilo jambo lenyewe. Watu wanadhani saratani hutafutwa na mashine za hospitali kubwa. Mashine ziko, lakini hazitoki kuja kumtafuta mtu Kehancha. Anayeanza ni muuguzi mmoja kwenye chumba kimoja chenye foleni nje, na anaanza kwa kuuliza.

Edith alikuwa na shida moja. Kwa Kijaluo chake angesema thunde bila kupepesa macho. Kwa Kiswahili neno alilolijua ni matiti, na neno hilo kwake lilikuwa la wavulana wa stendi, la kupigiwa miluzi. Hakuweza kulitoa kinywani mbele ya mwanamke aliye rika la mama mkwe wake. Kumwita mtu wa kutafsiri pia aliona ni kumwaibisha mama wa watu, maana jambo la siri litatafsiriwaje mbele ya mtu wa tatu? Kwa hiyo alitafuta neno la heshima, akalipata. Akasema maziwa. Na ni neno zuri. Kwetu Mombasa mtoto hunyonya ziwa la mama yake, hakuna anayeona haya. Angeniuliza mimi hivyo ningemjibu vizuri, tukamaliza.

Alimpima Kezia presha, akampa vidonge, kisha akavuta kiti karibu na kushusha sauti.

"Mama, maziwa iko sawa?"

"Iko sawa."

"Haina sida yoyote?" Edith akisema shida hutoka sida, hana la kufanya.

"Haina."

"Hujasikia bonge ndani?"

Kezia alishtuka. Ndoo yake ilikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, na wateja walikuwa wakimngoja. Akajua yamemfikia. Kuna mtu amekwenda kusema, na hawa wa afya wote ni kitu kimoja.

"Bonge? Yangu? Nani amesema?"

"Hakuna mtu amesema, mama. Mimi naulizanga mama wote."

"Yangu haina bonge hata siku moja. Uliza Mama Aliya wa hoteli."

Edith ananiambia kwamba hapo alicheka. Alishangaa mimi Ruqia nayajuaje maziwa ya Kezia, akadhani ni mzaha wa mama mzima anayeficha haya zake. Ninapolikumbuka jibu hilo hunijia kicheko kabla sijajizuia, kisha hujichukia siku nzima.

"Basi wacha nipime kidogo," Edith akasema. "Dakika moja tu."

"Leo hapana."

"Usiogope, mama. Ni mimi na wewe tu. Nitafunga mlango."

Edith alimaanisha stara. Kezia alisikia rushwa. Katika maisha yake yote, ofisa aliyesema nifunge mlango tuongee alikuwa anataka kitu kidogo, na Kezia hakuwa mtu wa kutoa kitu kidogo kwa maziwa safi.

"Siku ingine," akasema, akainuka.

"Sawa, mama. Lakini ukisikia bonge, hata kama ni ndogo namna gani, usingoje. Kuja haraka."

Hayo yalikuwa maneno mazuri kabisa. Sijui kama kuna mama mwingine katika kaunti yote ya Migori aliyeambiwa vizuri kuliko hapo. Kezia akatoka, akachukua ndoo yake, akapita njia ya nyuma ili asionekane, na akaapa moyoni kwamba zahanati ile hatairudia. Hakuniambia. Aliogopa nikisikia uvumi wa mabonge nitamwacha.

Na wakati ule alikuwa nalo. Ndilo linalonikosesha raha. Upande wa kulia, karibu na kwapa, alikuwa na kitu kigumu ambacho hakiumi, alichokigusa akioga. Ndama alikuwa amempiga kichwa kifuani akinyonya, akadhani ni damu iliyovilia, akakiacha. Hakukificha, kwani hakuona cha kuficha. Nilimuuliza baadaye: kama Edith angekuonyesha kwa kidole, ungesema? Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama ng'ombe ana pembe.

"Ningesema. Kwa nini nisiseme? Hata ningemwonyesha."

Basi ukapita mwaka mzima na zaidi. Dawa za presha akawa anazinunua dukani. Edith alikutana naye sokoni mara kadhaa, akamuuliza, "Mama, mbona hukurudi?" Kezia akamwamkia kwa adabu na kuongeza mwendo. Edith akadhani ni haya. Akajiambia asimlazimishe mama wa watu, atakuja mwenyewe. Kila mtu alikuwa anamstahi mwenzake, na kile kitu kilikuwa kinakua.

Mimi nilianza kuona mambo madogo. Kwanza alihamisha ndoo mkono wa kushoto. Kisha akawa hatoi shuka mabegani hata jua likiwaka. Nilimtania kwamba amepata mchumba, anajifunika asionekane na wengine. Alicheka kidogo tu. Akapungua mwili, nami nikasema ni kazi, maana alikuwa mwembamba tangu zamani.

Asubuhi moja aliingia akaweka ndoo mezani, na nikasikia harufu mbaya. Nilikasirika kwa kweli. Nikajisemea, hata wewe Kezia? Nikafunua kifuniko kwa fujo, nikainama. Maziwa yalikuwa safi, yananukia majani mabichi kama siku zote. Nikainua uso, na harufu ilikuwa ingali hapo. Ilikuwa inatoka kwake.

Nikamshika mkono nikampeleka stoo, nikafunga mlango. Akasimama katikati ya makreti ya soda amelishika shuka lake. Nguo ya ndani upande wa kulia ilikuwa imelowa na kukauka na kulowa tena.

"Kezia, ziwa lako lina nini?"

"Ziwa?" akasema. "Ziwa iko mbali. Karungu huko."

"Maziwa yako, nasema."

"Maziwa iko sawa, Mama Aliya. Si umeona?"

Nikaishiwa na subira. Mimi nina mdomo, Mohamednur huniambia kila siku. Nikajipiga kifuani kwangu kwa kiganja.

"Siulizi ya ndoo! Nauliza hili hapa. Titi. Titi lako, Kezia!"

Akaona haya, akatazama chini. Halafu akainua macho, akatazama mkono wangu uliokuwa bado kifuani, akautazama kwa muda.

"Hiyo pia inaitwa maziwa?"

"Ndiyo."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Akakaa juu ya kreti. Shuka likamwachia, hakulijali. Aliongea polepole, na hakuwa anaongea na mimi.

"Basi yule sista wa zahanati aliniuliza mimi."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze yote, tangu ndoo iliyokuwa nje kivulini mpaka njia ya nyuma, na alivyokuwa akieleza nilianza kulia kabla hajafika mwisho. Yeye hakulia. Alikuwa anarudia tu maneno ya Edith moja moja, akiyageuza: bonge ndani, dakika moja tu, nitafunga mlango. Kila aliporudia moja alitikisa kichwa kama mtu aliyegundua kwamba barua aliyoitia moto ilikuwa yake.

Tukaenda zahanati siku hiyo hiyo. Edith alifunga mlango, na safari hii Kezia alijivua mwenyewe. Sitaeleza nilichokiona. Edith alivaa glavu, akapapasa pembeni ya kidonda, akapanda kwapani, akapanda shingoni, na kila mkono wake ulipopanda uso wake ulizidi kuwa mgumu. Alipomaliza alimfunika vizuri.

"Mama, nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza maziwa," Kezia akasema.

Edith akanitazama mimi. Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha Mombasa, kwa maneno machache, nikijaribu kulainisha, lakini hapakuwa na namna ya kulainisha. Aliketi kwenye kile kiti alichokuwa amekivuta mwaka jana. Foleni nje ilianza kunung'unika, mtu akagonga mlango.

Hospitali ya Migori walimpiga picha na kumkata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kisha tukaambiwa Homa Bay, kwa daktari wa saratani. Edith aliomba ruhusa kazini akaja nasi. Hakuna aliyemlazimisha. Njiani nilitaka kumwambia asije, maana niliona anavyojitesa, lakini Kezia alifurahi kuwa naye. Alimshika mkono kwenye benchi la hospitali kama mtu aliyekuja na bintiye.

Nilikuwa na tumaini, siwezi kudanganya. Nilimwona mwanamke mmoja pale, wa Lambwe, aliyekatwa titi na kutibiwa, amerudi tu kuangaliwa. Alikuwa mnene, ana kelele, analalamika kwamba nyani wamemaliza mahindi yake. Nikamwambia Kezia, unaona? Wanakata, unapona, unarudi kugombana na nyani. Kezia akatabasamu na kusema yeye hata wakikata mbili sawa, bora mikono ya kukamua ibaki.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisoma makaratasi, akamchunguza, akauliza anaumwa mgongo tangu lini. Kezia akasema mgongo ni wa kazi. Daktari akaandika.

"Nani alimwona kwanza?"

"Ni mimi," Edith akasema. "Mwaka jana alikuja kwangu."

"Ulimpima?"

"Nilimuuliza."

Yule kijana hakumgombeza. Aliliandika hilo nalo. Ndipo Kezia akaingilia, kwa ile sauti yake nzito iliyowashinda shemeji zake.

"Daktari, huyu aliniuliza vizuri. Mimi ndio nilijibu ingine."

Daktari akatuambia basi. Ugonjwa umefika kwenye mifupa ya mgongo na kwenye ini. Kukata sasa hakutamponya, kutamwongezea kidonda juu ya kidonda. Kuna dawa za kuupunguza mwendo, na kuna dawa za maumivu, na zahanati ya nyumbani itamsafisha kidonda. Alisema taratibu, akingoja kila mara aone kama tumeelewa. Mimi nilielewa neno la kwanza, mengine yote nikayasikia kama redio ya jirani.

"Na mwaka jana?" Kezia akauliza.

"Mama?"

"Kama ningekuja mwaka jana. Ikiwa ndogo."

Daktari alitazama makaratasi, kisha akamtazama yeye.

"Mwaka jana tungekuwa tunaongea maneno mengine, mama."

Kezia akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Tulipotoka, Edith alitununulia samaki na ugali kwenye kibanda, tukakaa mbele ya sahani hizo mpaka zikapoa. Edith ndiye aliyelia, mbele ya watu, na Kezia akamfutia uso kwa ncha ya shuka lake huku anamwambia kwa Kikuria maneno ambayo mimi na Edith sote hatukuyajua.

Ni miezi sasa. Liz, mke wa Stanley, ndiye anayekamua. Kezia hukaa mlangoni akitazama, na akiona ndoo imeshikwa vibaya hupiga kelele. Siku zingine hawezi kukaa.

Naambiwa Edith sasa huuliza tofauti. Huweka mkono wake kifuani kwake mwenyewe, wazi, na kusema matiti, tena kwa sauti, na amemwita mama mmoja Mkuria asimame kando atafsiri. Wanawake wengine huinamisha vichwa, wengine hucheka. Mama mmoja wa kanisa aliinuka akatoka akisema zahanati imekuwa ya wahuni. Lakini wengi hujibu, na hujivua, na amekwisha kuwapeleka Migori wawili wenye vitu vidogo vidogo. Watu huniambia hayo wakidhani nitafarijika. Nafurahi kwa hao wawili, Mungu awape afya. Sijafarijika. Ninataka mwaka mmoja urudi, chumba kile kile, kiti kile kile, na nipite mlangoni hata kwa bahati mbaya, kwa kuleta mtoto mwenye kikohozi, nisikie maneno mawili tu ya mazungumzo yao. Maneno mawili yangetosha. Ningeropoka kama kawaida yangu.

Juzi nilikwenda kumwona Kezia nikamkuta Edith ndani, amepiga magoti kando ya kitanda, anaosha kidonda. Huja mwenyewe, akimaliza kazi, kwa pikipiki. Nilisimama mlangoni nikiwa na chupa ya chai. Hakunisikia nilipofika, na alikuwa anasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu Homa Bay.

"Mama, nisamehe. Ile neno ingine niliijua. Nilikuwa nayo hapa kwa mdomo. Lakini nilikuangalia, nikaona wewe ni kama mama mkwe wangu. Ningekutamkia aje? Ingekuwa kama nakutukana."

Kezia alikuwa ameelekeza uso kwenye ukuta kwa sababu ya maumivu. Alingoja mpaka kitambaa kikaondolewa, akavuta pumzi, akamgeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaweka mkono wake mkavu juu ya kichwa cha Edith.

"Ungenitukana tu, mwanangu," akasema.